Treni ya modeli: data inapitaje kwenye reli zilezile za umeme?

Swali:
Wakuu habari zenu. Nina treni ndogo ya HO, ile ya kipimo cha 1:87, reli mbili na umeme wa DC volti 12. Shida nikiongeza moto vichwa vyote viwili vinaondoka, mi nataka kimoja kiende kingine kisimame hapohapo. Nafikiria nipandishe frikwensi ya juu kwenye hiyo DC halafu kwenye kila kichwa niweke filta ya kuichuja, itakubali? Arduino Uno (kibodi kidogo cha kuprogramu) ninayo na draiva ya mota pia.

Jibu:
Mkuu achana na filta, soma kuhusu DCC, mfumo wa kutuma amri za kidijitali kwa kila kichwa kupitia reli. Ilianzia kwa kampuni ya Lenz kule Ujerumani, NMRA, chama cha wapenzi wa treni za modeli cha Marekani, wakaifanya standadi miaka ya 1990. Utamu wake ni kwamba umeme wenyewe ndo ujumbe, reli zinabadilishana chanya na hasi muda wote na kinachosomwa ni muda wa kila nusu, maikrosekunde 58 ni biti 1, 100 ni biti 0. Dekoda, yaani kisakiti cha kusoma amri ndani ya kichwa, inanyoosha huo umeme kwa dayodi mota ipate chakula, huku chipu inapima muda. Paketi inabeba namba ya kichwa, amri, na baiti ya mwisho ya XOR (hesabu ya kuhakiki baiti zilizotangulia), isipolingana paketi inatupwa, ndo maana amri zinarudiwarudiwa kwa sababu reli ikiwa na vumbi lazima zingine zipotee.

Jibu:
Naongezea hapo. Angalia kipande cha reli kinachopokea waya za umeme, vingi vya DC vina kapasita ya kuzuia noizi, itoe kabisa maana inaharibu kingo za mawimbi dekoda ishindwe kutofautisha 58 na 100. Na kichwa kisicho na dekoda usikiache juu ya reli hata kimesimama, mota inachemka mpaka iungue. Uno yako na hiyo draiva zinaweza kutosha, pakua DCC-EX, programu ya kuigeuza Uno iwe kituo cha kutuma amri za DCC, ni ya bure.

Muulizaji:
Shukrani sana wakuu. Sasa kichwa kikitaka kujibu, kituo kijue kiko wapi?

Jibu:
Hiyo ni RailCom, njia ya dekoda kujibu kupitia reli. Baada ya paketi kituo kinakata umeme kidogo sana na kuzishotisha reli zote mbili, kwenye huo mwanya dekoda inasukuma mkondo mdogo kwa biti 250,000 kwa sekunde na kutaja namba yake. Ila sio kila dekoda inayo, uliza dukani kabla hujalipa.