Nyumba ya Mwembeladu (kikundi cha familia)

ALHAMISI

20:05 Mama Yusra: Asalaam alaykum nyote. Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa. Skuli zimefungwa leo. Watoto wetu wa miaka 5 mpaka 9 nimewahesabu, wamefika 11. Wangu wawili tangu adhuhuri wamelala kifudifudi na simu. Naomba likizo hii tusiwaache hivi. Nimepanga: Jumamosi kuogelea Mbweni saa 4 asubuhi, Jumatatu kuunda tiara, Jumatano bao, Alhamisi kupika. Kila mzazi aseme mwanawe anakuja.

20:06 Mama Yusra: Naanza. Yusra ✅ Yasri ✅

20:33 Mama Yusra: Naona mmesoma watu 14.

20:40 Nassor: Huko kupika wakubwa wanaruhusiwa kuonja?

20:41 Khamis: Mwandikeni Nassor, miaka 9 hajaipita bado 😂

20:41 Nassor: Niandikeni wa 12. Pweza wa nazi tu, sitaki jengine.

20:44 Mama Yusra: Jamani Jumamosi ni kesho kutwa.

20:52 Khamis: Dada, Jumamosi ni mwezi 16 kwa mwandamo. Bamvua hilo. Saa 4 maji yamekupwa yako kule, watoto wataogelea mchangani. Yanajaa saa 10 jioni, na bamvua likivuta halimjui mtoto. Ngoja Jumamosi ya pili, maji mafu. Saa 4 hiyo hiyo yamejaa na hayakimbii.

20:55 Mama Yusra: Mwalimu wa kike nimeshamwambia Jumamosi hii. Kumpata ilikuwa kazi.

20:56 Khamis: Basi aje na bahari yake.

20:56 Nassor: 😂😂😂

20:57 Nassor: Aje nayo kwenye ndoo

21:10 Mwanakheri (Muscat): Waalaykum salaam. Wangu nawapeleka bwawani mwezi wa tatu sasa. Wa miaka 6 juzi ndo kaweza kuelea chali. Usiwakimbize Mama Yusra. Siku za mwanzo uso majini na kupuliza mapovu, basi. Robo saa mtoto kashachoka, anataka kucheza mchanga, mwache acheze. Mie wa kwanza nilimlazimisha, mpaka leo akiona bwawa tumbo linamuuma.

21:12 Mama Yusra: Ahsante. Mmoja angalau kanijibu la maana.

21:30 Mama Yusra: Na tiara, nani ana njukuti za mnazi na uzi? Kusi limeshaingia, upepo upo wa kutosha. Msininunulie za plastiki. Nataka wakate wenyewe, wabandike wenyewe, ikianguka wajue mkia ulikuwa mfupi.

21:48 Ami Hamadi: Waalaykum salaam. Fikra nzuri mwanangu. Lakini watoto wa kike pwani mbele za watu, hapana. Wao wafundisheni kupika na kushona. Wavulana bao na bahari. Ndivyo tulivyolelewa sisi na hatukuharibika.

21:50 Mama Yusra: Ami, watavaa nguo za kufunika mwili mzima na mwalimu ni mwanamke. Kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na stara zao zote.

21:51 Ami Hamadi: Nungwi ni Nungwi.

22:02 Shangazi Asha: Bao lipi Hamadi?

22:09 Shangazi Asha: Nauliza. Hao wavulana watachezea bao lipi? Liko wapi?

22:15 Nassor: Mie naenda kulala

22:17 Shangazi Asha: Arubaini haijafika, bao la Baba limeshavuka kwenda Dar. Tukaambiwa linakwenda kutengenezwa mguu. Mguu gani huo unatengenezwa miaka yote hii?

22:24 Ami Hamadi: Bao lipo. Nalitia mafuta kila mwaka. Nililichukua kwa sababu lilikuwa linawekewa ndoo za maji juu.

22:25 Ami Hamadi: Na kete je? Bao nilichukua mie, kete nani alizificha?

22:26 Shangazi Asha: Sikuzificha. Nilizihifadhi.

22:58 Mama Yusra: Wakubwa zangu naomba turudi kwa watoto. Jumamosi.

IJUMAA

06:40 Bibi: [ujumbe wa sauti 1:20]

06:58 Khamis: Niko kwenye mashine huku sisikii. Nani atuandikie?

07:15 Mama Yusra: Naandika kama alivyosema. "Nimesomewa maneno yenu. Hamadi, bao la baba yako lije na boti. Asha, kete utazitoa. Meli ilipozama, mie nilikaa Maisara kwenye maiti siku mbili, nafunuliwa shuka moja moja. Mwanangu alikuwa hajui kuogelea, kwa sababu tulisema mtoto wa kike haendi pwani. Tuliosema ni sisi, na mie nimo. Wajukuu wote wataingia majini, wa kike mbele. Sina la zaidi. Nawatakia Ijumaa njema."

08:20 Ami Hamadi: Nimesikia Mama. Unisamehe.

08:31 Mwanakheri (Muscat): 🤲🏽 Allah amrehemu.

08:34 Khamis: Amin

08:50 Mama Fahmi: Amin. Nimeona sasa hivi, simu ilikuwa haina chaji. Fahmi anaogopa maji mpaka ya kuoga. Anaweza kuja kwenye bao tu?

08:52 Mama Yusra: Aje. Na Mbweni aje pia, akae mchangani awaangalie wenzake. Hakuna wa kumvuta mkono.

09:05 Khamis: Leteni madumu matupu ya lita 5, vifuniko vikazwe. Mtoto analikumbatia, miguu inapanda juu yenyewe. Ndo nilivyofundishwa mie. Mkubwa mmoja kwa watoto wawili, majini, si kibarazani na chai. Pungufu ya hapo mie siji.

09:07 Mama Yusra: Watoto 11 ni wakubwa 6. Mpaka sasa ni mie na wewe.

09:40 Shangazi Asha: Sikiliza Mama Yusra. Ratiba yako nzuri lakini kila siku jambo jipya utawachosha. Mtoto hujui atapenda nini mpaka umwache arudie. Na wa miaka 5 humpi namu, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi. Mpe kete na mashimo, apande moja moja huku anahesabu. Mie Baba alinianza hivyo, alasiri baraza likiwa tupu, maana jioni lilikuwa la wanaume. Siku nyingi sikula hata kete moja, nazungusha tu. Halafu ndo akaniwekea nyumba, lile shimo kuu: 6 ndani, 2 na 2 pembeni yake, 22 mkononi. Siku nilipoelewa kuwa zile 22 zikiisha mchezo unageuka mtaji, unacheza na zilizomo baoni tu, nilikimbia jikoni kumwambia Mama. Yasri si mnasema hesabu za kutoa zinamshinda? Mleteni kwangu.

09:44 Mwanakheri (Muscat): Shangazi, mimi sikujua kama unacheza bao!

09:46 Shangazi Asha: Muulize Hamadi nilimfunga mara ngapi.

10:30 Ami Hamadi: Mbili.

10:31 Shangazi Asha: Nne.

10:35 Nassor: Nimeamka. Pweza vipi?

10:36 Mama Yusra: Nassor utakuwa mkubwa wa tatu majini?

11:02 Shangazi Asha: Kete nimezitoa sandukuni nikazihesabu mara mbili. Ziko 61.

11:04 Khamis: Tatu watoto watatafuta. Komwe zinaokoteka pwani, wape na hiyo kazi.

14:15 Ami Hamadi: Tatu zilibaki kwenye bao. Ninazo.

14:20 Mama Yusra: Ami unakuja lini na boti?

15:03 Mama Yusra: Ami?

15:40 Ami Hamadi: Kusi hili boti inanitesa tumbo. Nitaangalia wiki ijayo inshaAllah. Au nimpe mtu aje nalo.

15:41 Shangazi Asha: Usimpe mtu.

16:10 Mama Yusra: Mwalimu amekubali kusogeza, lakini Jumamosi ya pili ana harusi, hajui atatoka saa ngapi. Kwa hiyo: Mbweni Jumamosi ya pili saa 4, maji mafu, kama mwalimu yupo. Tiara Jumatatu hii kwangu. Bao kwa Shangazi likifika. Kupika tutaona. Njukuti hakuna aliyenijibu.

16:12 Mama Yusra: Wakubwa wa majini bado watatu, nikimhesabu Nassor.

19:27 Nassor: 👍

19:28 Mama Yusra: Nassor hiyo ni ya kuja au ya kuwa umesoma?