Tupeane uzoefu: muhogo wako ulikuliza wapi?

Wakuu, naanza mimi, nipo Newala. Mwaka juzi nilichukua mbegu kwa jirani, bure, nikashukuru. Ekari nzima, mita moja kwa mita moja, kama mashina 4,000. Shamba likastawi hadi wapita njia wanasimama. Mwezi wa kumi nang'oa shina la kwanza: muhogo mnene kama paja la mtoto. Kuupasua, ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Shina la pili hivyohivyo. Mnunuzi akatazama vipande viwili, akawasha pikipiki.

Kumbe ndiyo ule ugonjwa wa michirizi kahawia. Majani ya chini yalikuwa na umanjano kando ya mishipa tangu mwezi wa nne, mimi nikasema yamezeeka tu. Ugonjwa niliubeba mwenyewe begani, kwenye mzigo wa mbegu. Inzi weupe walimalizia kuusambaza. Siku hizi sikati mbegu kabla sijang'oa shina hilohilo na kupasua mizizi yake. Nimehamia mbegu aina ya Kiroba. Nayo majani huonesha dalili, ila mizizi inavumilia. Wenzangu je?

Nanyamba: Pole mkuu. Mimi kilio changu ni nguruwe pori. Babu alinielekeza nizungushie muhogo mchungu pembeni, mtamu ukae katikati. Wamepungua, hawajaisha. Ila likizo iliyopita akaja binti wa shangazi kutoka mjini, akachimba wa pembeni, akachemsha. Alitapika usiku kucha. Ule unamenywa, unalowekwa siku tatu, unaanikwa, ndipo usagwe. Sasa mpaka wa mtamu nimeweka vijiti.

Nachingwea: Nilichanganya na mikorosho michanga. Miaka miwili raha mustarehe, wa tatu kivuli kikafunga, nikavuna mizizi kama vidole. Hapo sina wa kumlaumu.

Lindi vijijini: Nyie mnalia na muhogo, mie najaribu kupanda ming'oko, vile viazi vya porini! Nilichimba porini, vichwa kumi nikavizika nyuma ya nyumba kwenye mchanga laini, maana ule mzizi unapenda kuzama. Porini unachimba hadi bega linaingia shimoni. Vitatu vimechipua, vimepanda mti. Mama ananicheka, "Chakula cha Mungu unakipalilia?" Kiangazi nachimba, nitawaletea majibu.