Tuliokulia kwenye makanisa ya masharti makali tukatoka, tupeane uzoefu

Binti Shemasi
Habari zenu wadau. Juzi niko saluni nasubiri zamu yangu, redioni wanaongelea kesi ya Shakahola, wale waliokatazwa kula mpaka wakafa huko msituni Malindi. Dada mmoja pembeni akasema hivi mtu mzima na akili zake anaanzaje kukubali kitu kama hicho. Nikanyamaza ila roho iliniuma, kwa sababu mimi najua wanaanzaje. Hakuna anayeanza na njaa jamani. Unaanza na mkesha mzuri, kwaya, watu wanakuja kukulimia shamba ukiumwa, mama yako kafiwa anapata wa kumliwaza. Halafu linakuja katazo moja dogo. Kwetu zilianza hereni, ikaja kusuka, ikaja redio (ilichomwa moto uani sisi watoto tunaangalia), yakaja majani ya chai na soda, ikaja kwenda kwenye misiba ya ndugu wa dunia, mwisho kabisa shule na hospitali. Kila katazo linakukuta ushalizoea lile la jana. Baba yangu ni shemasi mpaka leo, mimi niliondoka nina miaka 19. Sitataja kanisa na nawaomba na nyie msitaje, wengi wetu bado tuna wazazi kule. Mliamini nini, mlitokaje, na nini bado kinawasumbua?

Njiapanda
Kwetu TV haikuchomwa, ilizikwa. Lilichimbwa shimo nyuma ya choo, ikaombewa, ikafukiwa.

mama wawili
Mimi kinachonisumbua ni unyakuo. Tulifundishwa kwamba siku yoyote wateule wananyakuliwa na wewe mwenye dhambi unabaki. Nilikuwa la tatu, nimetoka kisimani, nafika nyumbani mlango uko wazi, uji jikoni unachemka unamwagikia kwenye makaa, kandambili za mama ziko pale kibarazani na yeye hayupo, naita hakuna anayeitika. Kwa akili yangu ya kitoto ameshachukuliwa na viatu ameviacha. Nililia mpaka sauti ikakauka, natubu dhambi zote nazozijua, mpaka sukari niliyolamba mwaka juzi yake. Kumbe jirani kaangukiwa na gunia mama kakimbilia kusaidia. Wanangu saivi wakinyamaza chumba cha pili naacha kila kitu naenda kuchungulia, na mume wangu hajui kwanini.

Fundi Saa
Hiyo ya unyakuo nadhani tumeipitia wote.

Mpwani wa Kilifi
Salamu kutoka huku Kenya. Dada wa saluni angekaa huku angeelewa. Mackenzie, yule kiongozi wa Shakahola, alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuwa mhubiri, kanisa alilianza 2003, na watu wetu walimfuata kwa miaka. Alishawaambia shule ni dhambi, watoto wakatolewa madarasani, Huduma Namba, ule usajili wa watu wa serikali, ilipokuja 2019 akawaambia ndiyo chapa ya mnyama. Mwaka huohuo akafunga kanisa Malindi, wengine tukadhani yamekwisha. Kumbe anawahamishia Shakahola, mnapata kishamba huko ndani mbali na jirani wa kuwauliza maswali. Aprili 2023 polisi wakaanza kufukua makaburi, miili ikapita 400, na watoto ndio waliotangulizwa. Halafu watu husema "walijiua na njaa", hapana, madaktari waliopasua maiti walikuta wengine wamenyongwa, wengine wamezibwa pumzi. Mtoto hajiui na njaa. Kuna waliookolewa wakiwa mifupa mitupu na bado wakakataa chakula. Familia zikatoa DNA, ikawa kungoja hadi 2024 miili ya kwanza ipeanwe. Na 2025 tena makaburi mengine Kwa Binzaro, Kilifi hiihii. Mimi nilikuwa kwa kikundi kidogo kisichojulikana, hatukufika huko, lakini nikikumbuka tulivyokuwa tunafunga siku kavu bila maji na tukisifiwa kwa hilo mbele ya wengine, najua njia ni ileile.

Kagera Sugu
Mkuu umenikumbusha Kanungu. Sisi wa Kagera tuna ndugu upande wa Uganda, tarehe 17 Machi 2000 haisahauliki. Kundi la akina Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliambiwa dunia inaisha 31 Desemba 1999, watu wakauza ng'ombe na mali kwa bei ya kutupa. Januari ikafika jua linawaka kama kawaida. Waliouza wakaanza kuulizia mali zao, na haikufika mwisho wa Machi kanisa likachomwa moto milango na madirisha yamepigiliwa misumari, humo ndani mamia ya watu na watoto wao. Wale walikuwa mpaka kuongea wamekatazwa, wanaashiria kwa mikono, eti ukiongea utamshuhudia mwenzako uongo. Ndo maana mimi nikisikia mtumishi anataja tarehe naondoka hapohapo sisubiri sadaka.

Njiapanda
Tarehe hazijaanza leo. Kule Marekani walisubiri Yesu arudi 22 Oktoba 1844, ikapita. Harold Camping yule wa redio akasema 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza Oktoba, ikapita. Kwetu tuliambiwa tusipande mahindi ya masika kwa sababu hatutayavuna. Tulikula mihogo ya kuomba kwa majirani, haohao "watu wa dunia".

Mzigua
Nilisema sitachangia uzi huu ila nimeshindwa kulala.

Sisi tulihamia kijiji cha ndani huko Handeni, kanisa lilipata eneo, familia kama kumi na kitu tukajenga vibanda vya miti na udongo kulizunguka. Dawa ilikuwa mwiko, hata ya kuchemsha ya majani. Andiko lilikuwa Yakobo sura ya 5, mtu akiumwa aite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Mdogo wangu wa mwisho, tulikuwa tunamwita Baba kwa sababu kabeba jina la babu, alikuwa na miaka minne. Alianza homa Jumatatu. Jumanne wazee wakaja wakampaka mafuta, Jumatano akaanza kutapika, Alhamisi macho yakawa ya njano na viganja vyeupe kama karatasi. Mimi nilikuwa na miaka 15, kazi yangu kuloweka kanga kwenye beseni na kumfuta, naikamua, naiweka kifuani, haimalizi dakika ishakauka. Mzee mmoja akamwambia mama mbele yangu kwamba mtoto haponi kwa sababu kuna mtu humu ndani ana mashaka, na akamwangalia yeye. Mama tangu hapo akaacha hata kulia, anaogopa chozi lake litahesabiwa mashaka.

Usiku wa Ijumaa akapata degedege. Baba yangu yuko kwenye maombi kanisani. Mama akamfunga mgongoni akaniambia twende, hatukuwasha hata tochi, tukapita kwenye mashamba ya mkonge mpaka barabarani, tukapata bodaboda alfajiri, yule kijana hakudai hela, Mungu ambariki popote alipo. Zahanati nesi akamtoboa kidole akaweka tone kwenye kile kipimo, malaria, hata hakusubiri muda wake uishe mistari yote ishatokea. Akasema damu imeisha huyu, hapa hatuwezi, kimbieni wilayani. Tulifika wilayani. Alifia kwenye benchi la korido tukisubiri damu, kichwa kiko kwenye mapaja yangu na mama kaenda kutafuta mtu wa kuchangia.

Lakini wadau hicho siyo kilichonitoa. Tuliporudi na mwili, wazee walisema Mungu alikuwa anakaribia kumponya, hospitali ndiyo iliyomuua. Jumapili mama akasimamishwa mbele aungame kwamba amemtoa mwanawe sadaka kwa miungu ya wazungu. Na akaungama. Baba alikuwa amekaa upande wa wanaume, aliitikia amina. Ile amina ya baba ndiyo naisikia mpaka leo. Mimi niliondoka kabla ya arobaini.

mama wawili
Jamani. Pole sana kaka yangu. Pole mno.

Binti Shemasi
Mzigua nimesoma nikasimama. Pole ndugu yangu. Mama yuko wapi sasa?

Askari wa Imani
Poleni kwa msiba lakini tusichafue wokovu. Mungu anaponya, mimi mwenyewe niliponywa kidonda cha tumbo bila kidonge. Mwanzisha mada unawapa silaha wapinga Kristo. Kama imani ilikosekana ilikosekana, tusiwalaumu watumishi.

Fundi Saa
Askari futa hiyo sentensi ya "imani ilikosekana". Mtu kafiwa na mdogo wake wewe unarudia maneno yaleyale waliyomwambia mama yake.

Askari wa Imani
Sifuti. Nasimamia neno.

Kagera Sugu
Neno lipi? Luka Paulo anamwita tabibu mpendwa, Wakolosai 4:14. Timotheo anaambiwa anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakuambiwa ana mashaka. Na hiyohiyo Yakobo 5 isome yote, wapi imekataza dawa? Mimi naomba, na mwanangu akipata homa tunaombea tukiwa kwenye foleni ya maabara.

Mantiki Tupu
Mnazunguka tu, dini zote ndo hizohizo. Tokeni kote mpumzike.

mama wawili
Kaka usitulazimishe kama wao walivyotulazimisha. Mimi nilitoka kule na bado nasali, nimepata kanisa ambalo mchungaji akiumwa anakwenda hospitali na anatutangazia tumchangie. Ukitaka kuacha kabisa acha, ila usimwone aliyebaki na Mungu wake kama hajatoka.

Bin Ali
Siyo makanisa peke yake wakuu. Mimi upande wa pili, kulikuwa na kikundi Tanga huku kilitutoa shule za serikali, eti haramu. Tukakatazwa hata kula kwa bibi yangu kwenye hitima, bibi aliyenilea, kwa sababu eti ni uzushi. Alikufa sijaenda kumwona mwaka mzima. Masheikh wa mtaani walitukemea kweli, ila sisi tulikuwa tunawaona ndiyo waliopotea.

Njiapanda
Naomba niseme kitu ambacho labda hakitapendwa. Mimi namiss umoja wa kule. Tangu nimetoka nimepanga Dar, nimeumwa dengue wiki nzima hakuna aliyegonga mlango. Kule ukikosa ibada moja tu saa kumi wameshafika na uji.

Binti Shemasi
Hakuna cha kutopendwa hapo, mimi pia. Ndiyo maana kutoka ni kugumu, huachi masharti tu, unaacha kila mtu unayemjua kwa siku moja. Dada yangu wa kuzaliwa akinikuta sokoni anavuka barabara.

Wa Morogoro
Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Mama yangu yupo kwenye kundi kama hilo saivi na ana mdogo wangu wa miaka 7 hajawahi kupelekwa shule, juzi nasikia ana kikohozi kisichoisha. Nifanyeje wakuu? Nikimpigia anasema nina pepo la elimu.

Fundi Saa
Nenda na polisi leo.

Mpwani wa Kilifi
Pole pole na polisi. Ukienda kwa fujo wanahamia mahali usipopajua, ndiyo ilivyokuwa huku, hatua moja mbele kila mara. Kwanza jua walipo na nani kiongozi.

Bin Ali
Usishindane naye kwa maandiko, hutashinda, kila andiko wameshamwandalia jibu. Mimi walionitoa ni watu ambao hawakuacha kunipigia simu kuniuliza nimekula nini.

Kagera Sugu
Mualike harusi ya ukoo siku nne mfululizo, akicheza ngoma na dada zake mwenyewe atakumbuka alikotoka. Natania kidogo lakini na nina maana, wanawakata na ndugu ili wasikumbuke.

Mzigua
Wa Morogoro nisikilize mimi. Mama yako mpe muda, zungumza naye taratibu hata miaka. Mtoto usimpe muda. Kikohozi kisichoisha kwa mtoto wa miaka 7 ni cha kupima TB na vipimo na dawa za TB ni bure serikalini. Piga 116, ni bure, ni namba ya huduma kwa watoto, Kenya pia ni hiyohiyo. Halafu nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, siyo mtendaji wa kijiji kwanza maana mara nyingine na yeye anasali hukohuko. Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana mzazi kumpatia mtoto matibabu na elimu, imani siyo kisingizio. Mama atakuchukia. Wangu alinichukia pia nilipowatoa wadogo zangu wawili waliobaki. Na kwa aliyeniuliza, yupo Muheza, alitoka miaka mitatu baada yangu, anauza maandazi na tunaongea kila siku isipokuwa kuhusu mdogo wangu Baba.

Askari wa Imani
Mzigua kwa hili la mtoto na mimi nasema apelekwe. Mengine sibadilishi.

Wa Morogoro
Asante sana kaka Mzigua. Kesho asubuhi naenda ustawi. Huyo mdogo wangu hana cheti cha kuzaliwa na mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, nitaanza vipi naye shule?

Binti Shemasi
Yeye ni 7 anaingia la kwanza kawaida kabisa, mwalimu mkuu asikuzungushe kwa ajili ya cheti, mwambie kinashughulikiwa. RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, wanaangalia kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji, kusanya chochote mlicho nacho. Wewe usijione umechelewa, mimi nilitoka bila sekondari, nikajisomea nikafanya ule mtihani wa maarifa wa NECTA, QT, halafu nikakaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukimaliza ya mtoto nitumie ujumbe pembeni, vitabu vyangu bado ninavyo.