Nimwandikie mwanangu kwamba baba yake amelazwa?

Mama wa Kayole: Mwanangu yuko Somalia, ambako majeshi yetu ya Kenya yamekuwa tangu Oktoba 2011, na kwa kuwa simu hupatikana kwa nadra, humpelekea barua kupitia kwa mwenzake anaporudi kambini. Nimeshamweleza kuhusu mvua, bei ya unga na kuku aliyeangua vifaranga tisa. Lakini baba yake amelazwa kwa shinikizo la damu, na kalamu imegota hapo. Nimfiche?

Mstaafu: Mama, usimfiche. Nilipokuwa mwanajeshi Kismayu, huko Somalia, barua za mama nilizisoma mpaka mikunjo ikachanika. Lakini kifo cha shangazi nilikijua kupitia kwa jirani, na tangu siku hiyo kila mama alipoandika "sisi sote wazima" sikumwamini.

Dada wa Kibra: Mimi ningesubiri kauli ya daktari kwanza, maana mtu aliye lindoni usiku hana wa kumuuliza. Na usitaje kikosi chake kiko wapi, hata kama alikudokezea.

Mama wa Kayole: Ahsanteni, wanangu. Nimeandika hivi: "Baba yako amelazwa, lakini leo amekunywa uji mwenyewe na kulalamika kwamba hauna sukari." Kisha nikarudi kwa vifaranga, ambao sasa wamebaki saba.