MJADALA: Panya tuwasubiri wajae ghalani, au tuanze nao mvua zikianza?

Wadau wa Tabora na ndugu zangu wa Kigoma, hili naomba tulijadili kwa uzito. Mvua zikikubali na mahindi yakawa mengi panya nao wanajaa, na kilio chetu siku zote ni magunia yametobolewa, serikali ilete sumu, basi. Mimi nasema panya ni ishu ya afya pia.

Marekani 1993, kule kusini magharibi, vijana wazima kabisa walianza kubanwa pumzi na kufa, ikaja kugundulika ni virusi vya hanta, mtu anavuta vumbi lenye mkojo na mavi makavu ya panya pori. Kabla ya hapo El Niño ilimwaga mvua, chakula kikawa tele porini, panya wakazaliana balaa. Na hapa kwetu watafiti wa SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro walishaonyesha kwamba mvua za mwanzo wa msimu zikiwa nyingi panya shamba wanaanza kuzaa mapema, baadae ndo wanafumuka. Sasa huyu panya shamba ndo yuleyule anayesambaza homa ya Lassa Nigeria na Sierra Leone! Lassa hapa hatuna, simtishi mtu, ila Morogoro ameshakutwa na kirusi cha ukoo huohuo, japo hakijulikani kuumiza binadamu. Kwahiyo TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikitangaza mvua za juu ya wastani, halmashauri kwanini isianze kutega na kuhesabu panya mapema?

Mdau wa Kasulu: Mkuu hoja unayo, ila zahanati yetu malaria tupu na dawa zenyewe za kuungaunga, nani atatoa hela ya kuhesabu panya kwa ugonjwa ambao haujafika? Mi naona hela iende kwenye vihenge vya chuma, panya akikosa chakula ataondoka mwenyewe.

Mleta mada: Vihenge naunga mkono asilimia mia, ila panya anazalia shambani kabla hujavuna, kihenge hakimfikii huko. Na Lindi 2022 homa ya mgunda iliua watu 3 kabla haijajulikana ni nini, ile ni bakteria sio virusi, ila nayo inatoka kwa wanyama, panya wakiwemo. Wakati tunasubiri halmashauri, jamani ghala msifagie kavu, fungua milango hewa ipite, mwagia maji ya klorini kwanza ndo usafishe. Na bundi acheni kuwaua eti wachawi, chakula chao ni hao panya.

Mdau wa Kasulu, huko mahindi mnaweka nje au chumba cha kulala watoto? Hapo ndo pananinyima usingizi.