Makaa ya mawe: yapi ya kufulia chuma, yapi ya matofali, na jikoni je?

MvukutoMoto
Wakuu, karakana ya majembe na mapanga inataka kuacha mkaa wa miti ihamie makaa ya mawe. Wauzaji wa mzigo wa Mbinga na Kiwira, kusini mwa Tanzania, ukiwauliza aina, jibu ni "makaa ni makaa". Mtu atajuaje yanayofaa kufulia chuma? Yakibaki, yanaweza kuingia tanuri la matofali au jiko la nyumbani?

FundiFuawe
Hayo ni maneno ya dalali. Yote yalianza kuwa mimea ya kinamasi. Kinachotofautisha ni muda yaliokaa chini, joto la huko na uzito ulioyakandamiza. Mboji ya kinamasi (peat) ndiyo changa kabisa, Rwanda huiita nyiramugengeri na huichoma hata kuzalisha umeme. Inafuata lignaiti, ya kahawia, ina maji mengi na hubomoka ikikauka. Kisha bituminasi, nyeusi yenye mistari ya kung'aa na iliyofifia. Mwisho anthrasaiti, ngumu, haichafui mkono. Ya Mbinga na Kiwira kwa sehemu kubwa ni bituminasi au ya daraja la chini yake kidogo, ila usinunue kwa jina. Pima mambo mawili.

Kwanza, kama yanashikamana. Ponda kiganja kimoja yawe kama chenga za mchele, tia kwenye kopo la bati, toboa kifuniko kwa msumari, weka motoni nje ya nyumba mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Yakipoa fungua. Ukikuta donge moja lililoumuka kama andazi, hayo ni ya mhunzi. Ukikuta chenga zilezile, ya matofali hayo.

Pili, majivu. Saga gramu 100, tandaza juu ya bati, choma ukikoroga hadi kusibaki cheusi, kisha pima. Gramu 10 kushuka ni mazuri. Ikifika 25, robo ya pesa yako umenunulia udongo.

Angalia pia chembe za rangi ya dhahabu. Hiyo ni piriti, ina salfa; salfa ikiingia kwenye chuma chenye moto, chuma hupasuka chini ya nyundo.

Kaa_la_Moto
Kwa nini asitafute anthrasaiti moja kwa moja? Ndiyo yenye kaboni nyingi kuliko zote.

FundiFuawe
Kaboni nyingi, kweli, lakini inawaka kwa shida, haishikamani, na ukizima blowa (feni ya kuvuvia moto) dakika chache moto unalala. Mhunzi anataka makaa yanayojigeuza koki (makaa yaliyokwisha kuungua moshi) palepale kwenye jiko la kufulia. Panga hivi: washa kwa vijiti au mkaa wa miti, zungushia makaa mabichi ya ukubwa wa njugu hadi ukubwa wa ndimu, nyunyizia maji kingoni ili moto usitambae. Moshi wa manjano ukitoka, chuma kisiingie bado. Ya pembeni yakishaungua moshi na kuwa mepesi yenye vitundu, hiyo ndiyo koki. Isukume katikati, ongeza mabichi pembeni. Moto ukianza kudhoofu huku blowa inavuma, ujue majivu yameyeyuka yakaziba tundu la hewa. Zima blowa dakika tatu au nne yagande, yang'oe kwa kulabu. Ukiyachokonoa yakiwa bado uji, utayatawanya jiko zima.

TanuriLaSongwe
Kwenye matofali hata unga wa makaa una kazi. Changanya asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa udongo, uliochekechwa usizidi milimita 2. Ukizidisha, tofali linavimba na kubaki jeusi katikati, kwa sababu nje panafunga kabla hewa haijafika ndani. Unga mwingine tandaza kati ya safu. Tofali la kilo 3 huhitaji takriban megajuli (kipimo cha nishati) 7 hadi 9 kwenye tanuri la kupanga, na kilo ya makaa ya wastani inatoa kama 25. Kwa hiyo tofali 1,000 ni kilo 280 hadi 360, ukijumlisha ya ndani na ya nje. Tofali likiwa halijakauka, makaa mengi yataishia kukausha maji.

Na usirundike unga zaidi ya mita 2 kwenda juu. Hujipasha joto wenyewe na kuwaka bila kiberiti.

MamaJiko
Jikoni hapana, si makaa mabichi. Jiko la mkaa halina bomba la moshi, na moshi wa makaa ya mawe una salfa. Huko Guizhou, China, watu waliokausha mahindi na pilipili juu ya moto wa makaa ndani ya nyumba waliharibika meno na mifupa kwa floridi, na wengine walidhurika kwa sumu ya aseniki. Kama ni lazima, tumia yaliyotengenezwa maalumu kwa kupikia, kama Rafiki Briquettes za STAMICO (Shirika la Madini la Taifa). Hata hizo ziwashe nje, na usilale nazo chumbani: monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka humo, haina harufu.

MvukutoMoto
Asanteni sana. Majivu yake yanafaa kwenye mchicha kama ya kuni?

TanuriLaSongwe
Hapana mkuu. Ya kuni yana potashi, chakula cha mmea. Haya yanaweza kuwa na aseniki na madini ya risasi. Jazia mashimo ya njia, mbali na kisima.