Ushauri: wenzetu wanapigwa kila tukivunja kikoba

Habari za humu wakuu. Mimi ni katibu wa kikoba kijijini, wilaya ya Bahi. Huwa tunavunja baada ya mavuno, na hapo ndipo balaa linapoanza. Siku ya mgao waume wanaijua kuliko mweka hazina. Mwaka huu mwenzetu mmoja kesho yake alikuja kajitanda kitenge hadi machoni, hela yote imeishia kilabuni. Kwa mwenyekiti wa kitongoji akaambiwa "kayamalizeni nyumbani". Tunataka kufanya kitu kama kikundi. Tuanzie wapi bila kuambiwa tunavunja ndoa za watu?

Mgogo Asilia: Mambo ya chumbani hayo. Mtaachanisha watu.

Mama Zabibu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, hata mila iseme nini. Wewe bado uko chumbani tu.

Mstaafu wa Kongwa: Dada, msianze na semina ya akina mama peke yao, wanaume watahisi wanasengenywa. Mwombe mtendaji wa kijiji aiamshe kamati ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Mpango ulianza 2017/18 na kamati zinatakiwa kuwepo hadi vijijini, ila nyingi zimelala. Kisha tafuteni wazee wawili watatu wanaosikilizwa. Kule Kampala mbinu ya SASA! ilitumia wanajamii wa kawaida kuzungumza na majirani zao; utafiti uliotoka 2014 ulikuta kipigo cha wenzi kimepungua kwa karibu nusu kuliko maeneo ambayo hayakufikiwa. Lakini ilikuwa kazi ya miaka, si mkutano mmoja wenye soda.

Kijana wa Kibaigwa: Kwetu mgao tuliuhamishia Januari, wakati wa sare na madaftari. Na siku ya kupanga malengo wenza wanaalikwa. Baba akishatamka "bati" mbele za watu, anaona haya kuzinywa.

Mama Zabibu: Aliyeumizwa leo asisubiri hayo. Aende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), atibiwe. Hali ikiwa mbaya aanzie hospitali. Kama kabakwa, dawa za kuzuia VVU ni ndani ya saa 72.

Mwenye uzi: Asanteni sana, Januari nimeipenda. Ila huyu dada hataki kwenda polisi, anasema mume akifungwa nani atalima?

Mstaafu wa Kongwa: Msimlazimishe. Mpelekeni kwa ofisa ustawi wa jamii akasikilizwe kwanza. Na mkubaliane naye leo, usiku yakizidi atakimbilia nyumba ya nani, na wenye nyumba wawe wanajua.